Wateja Ambao Hawakuwahi Kuja

Nilihukumiwa sebuleni kwa mama, Ushirombo, Jumapili moja baada ya misa, kwa sababu ya wateja ambao hawakuwahi kuja dukani. Hakuna aliyewaona. Hakuna aliyejua wanaishi mtaa gani. Lakini kaka zangu wawili waliwafahamu vizuri sana: walijua ni wangapi, wangenunua nini, na wangelipa kiasi gani kama bei ingekuwa nyingine. Mimi niliyekaa nyuma ya kaunta kuanzia asubuhi hadi jua linazama ndiye niliyeonekana sijui lolote. Miaka imepita, na watu wa nyumbani huniambia niyaache. Nimejaribu, nikashindwa. Basi acha nieleze ilivyokuwa.

Kwetu tulizaliwa watatu, mimi nikiwa wa mwisho na msichana pekee. Wazazi wetu walilima mahindi, mpunga na tumbaku kidogo. Baba alipofariki nilikuwa bado sekondari, na kaka mkubwa akawa ndiye baba. Aliacha shule akaenda machimboni Geita, akaanza kwa kubeba viroba vya mawe mgongoni, na kidogo kidogo akapata sehemu yake kwenye duara, yale mashimo wanayochimba wachimbaji wadogo, kisha akanunua karasha lake la kusagia mawe. Sitamnyima haki yake. Ada yangu ya chuo aliilipa yeye, na paa la nyumba ya mama aliliezeka yeye. Kaka wa pili alisoma akafika mbali kuliko sisi sote, akaajiriwa ofisini Shinyanga mjini. Ni mtu wa maneno mazuri. Akizungumza, hata anayejua kwamba kaka huyo amekosea hutamani awe amesema kweli.

Nilipomaliza chuo cha biashara, kaka mkubwa alifungua duka la vifaa vya umeme Nyasubi, pale Kahama, akanikabidhi funguo. Duka lilihesabiwa kuwa la familia. Mtaji ulikuwa wake, usimamizi wangu, na kaka wa pili akaitwa mshauri. Hilo neno mshauri sikulitilia maanani wakati ule. Tuliuza simu, redio, sabufa, televisheni, paneli za sola na betri zake. Nililipenda lile duka. Nilijua wateja wa sola wanakuja baada ya mavuno, na wateja wa sabufa wanakuja maduara yakitoa dhahabu. Kuna miezi tulikaa tunafukuza inzi na kuna miezi sikupata muda wa kula, na nilishazoea kwamba ndivyo biashara ya huku ilivyo, kwa sababu pesa yote ya mji ule inatoka ama shambani ama ardhini.

Kisha zikaja mashine za gemu.

Kaka mkubwa alikuwa amekwenda Dar kwa shughuli zake, akaziona kwenye duka la kifahari, zile mpya zilizokuwa zikizungumzwa kila mahali. Alirudi ameshaamua. Alisema vijana wa machimboni wakipata hawanunui kitu kidogo, na kwamba mji mzima wa Kahama haukuwa na duka lenye mashine hizo. Hakuniuliza nafikiri nini. Kama angeniuliza, ningemwambia alete mbili kwanza. Lakini hakuniuliza, na mimi siwezi kudai sifa kwa ushauri ambao sikuutoa. Mzigo ulikuja na lori la rafiki yake lililokuwa linaishia Isaka. Nilikodi gari dogo nikaufuata huko, nikarudi nimekaa katikati ya maboksi, dereva akinitania kwamba nimebeba televisheni bila vioo.

Jioni ya siku ile kaka mkubwa alinipigia simu. Maneno yake nayakumbuka kwa sababu nilikuwa nimeshika boksi la kwanza nikitafuta pa kulipanga.

"Bei ni hiyo niliyokutumia," alisema. "Usishuke hata shilingi mia. Ukimpunguzia mmoja, kesho mji mzima utakuwa unadai punguzo."

Nikamwambia sawa, kaka.

Mashine za kwanza ziliondoka haraka. Moja ilinunuliwa na dereva wa mitambo ya mgodini aliyetaka kuwafurahisha wanawe waliofika kwa likizo. Nyingine ilichukuliwa na kijana mmoja broka wa dhahabu, ambaye hakuuliza bei kabisa. Aliuliza tu kama ndiyo ile ya mwisho kutoka. Na nyingine ilinunuliwa na mama mmoja kutoka Nkome, kule ziwani.

Mama huyo alikuwa mfanyabiashara wa dagaa. Alikuja Kahama na mzigo wake sokoni, akauza, kisha akaingia dukani na harufu ya dagaa kwenye kitenge chake, akaketi kwenye kiti cha wateja kama mtu aliyefika kwake. Nilimsalimia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akaomba maji ya kunywa. Ndipo akaniambia anataka mashine ya gemu. Nilidhani ni ya wajukuu. Akacheka, akanieleza kwamba dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, hivyo mwezi unapokuwa mkubwa mitumbwi haiingii ziwani, na vijana wanakaa mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapoegeshwa, siku nyingi bila kazi, wanakunywa na kupigana. Alitaka kuwafungulia banda wacheze mpira kwenye televisheni. Aliuliza maswali mengi, juu ya vumbi, juu ya betri, juu ya pedi za kuchezea zikiharibika zinapatikana wapi. Tulivutana bei mpaka tukachoka wote wawili. Sikushuka, kwa sababu nilikatazwa, ila nilimwongezea waya mrefu wa umeme kama zawadi. Alilipa, akaandika namba yangu kwenye simu yake, akaondoka boksi likiwa kichwani mwa mpagazi.

Baada ya hapo mvua zikaanza. Zilikuwa mvua kubwa, na maduara mengi yakajaa maji. Kaka mkubwa mwenyewe alisimamisha kazi kwenye shimo lake. Pesa ikapotea mjini kama iliyofagiliwa. Hata chaja za simu, kitu ambacho mtu hawezi kuishi bila kuwa nacho, zilianza kukaa. Maboksi ya gemu niliyapanga kwenye rafu ya juu, nikayafunika kwa nailoni kwa ajili ya vumbi, nikangoja ardhi ikauke.

Kipindi hicho kaka wa pili alikuwa akija Kahama karibu kila mwisho wa wiki. Kulikuwa na benchi mbele ya duka, na vijana wanaopenda gemu walizoea kukaa pale, wengi wao bila nia ya kununua chochote. Yeye akawa mwenyekiti wao. Nyumbani kwake alikuwa na mashine ya miaka ya nyuma, na kwenye simu alikuwa kwenye magrupu ya watu wanaobishana juu ya makampuni ya huko ughaibuni yanayotengeneza gemu. Sikujua kama watu wazima wanaweza kubishana hivyo. Walijadili mashine iliyotoka wao wakiwa shule ya msingi, ikafeli sokoni: je, kama ingetoka na bei ya chini, ingemshinda mpinzani wake? Je, kama mpinzani angepandisha? Je, kama zote mbili zingetoka siku moja? Mmoja angesema ingeuza mara mbili, mwingine mara tatu, na kaka angewasikiliza kwa upole kisha angetoa hukumu, na hukumu yake ilikuwa na idadi ndani yake. Aliweza kukuambia ni mamilioni mangapi ya mashine yangeuzwa katika dunia ambayo haikuwahi kuwepo.

Wakati ule nilicheka nao. Niliwauzia soda na vocha. Niliona ni kama mabishano ya mpira, kwamba fulani angepasi badala ya kupiga tungeshinda, na mwamuzi keshapuliza filimbi na watu wamekwenda kulala. Hakuna anayeumia kwa mabishano ya namna hiyo. Hakuna mtu wa kampuni ile aliyepanda basi kuja Nyasubi kujitetea.

Siku moja kaka aliingia ndani, akatazama rafu ya juu, akaniuliza kwa nini mashine bado zipo. Nikamweleza juu ya maduara. Akatikisa kichwa, akasema tatizo si maduara, tatizo ni bei. Nikamkumbusha kwamba bei aliipanga kaka mkubwa. Akasema hilo linajulikana, akatoka nje, akawauliza vijana wa benchi: kama bei ingekuwa nusu, wangapi kati yenu mngenunua? Wakanyoosha mikono wote. Hata yule ambaye nilikuwa namdai soda alinyoosha mkono. Kaka alinitazama kupitia mlangoni kana kwamba nimeshuhudia muujiza.

Sikujibu. Leo ningejibu, lakini kusema hivyo ni kuingia kwenye mchezo wao.

Wiki chache baadaye mama alinipigia simu kwamba kuna kikao nyumbani, nisikose. Sauti yake haikuwa ya kawaida. Nilikwenda Ushirombo Jumapili, nikawakuta kanisani. Tulisali pamoja benchi moja, tukapeana amani, tukarudi nyumbani, mama akapakua wali na kuku. Tulikula vizuri. Vyombo vilipoondolewa kaka mkubwa alikohoa, akamwomba mdogo wake aeleze.

Kaka wa pili alieleza kwa utulivu, kama mtu anayetoa taarifa ofisini. Alisema amechunguza mwenendo wa duka. Alisema mahitaji yalikuwepo, kwa sababu vijana wenyewe walithibitisha. Alisema mashine kama zile zikishushwa bei wanunuzi huongezeka, na kwamba jambo hilo linafahamika duniani kote. Kwa hiyo kama bei ingeshushwa mapema, mzigo wote ungekwisha kabla ya Krismasi. Pesa ingerudi. Pesa ikirudi wangeagiza mzigo wa pili, nao ungekwisha. Faida ya mzigo wa pili ingemwezesha kaka mkubwa kununua pampu kubwa ya kutoa maji kwenye duara. Duara lisingesimama. Alipofika hapo nilianza kuona anakokwenda. Duara lisingesimama, wachimbaji wasingeondoka, na kaka mkubwa asingekuwa katika hali ya ukata aliyonayo sasa.

Akanigeukia. "Sisemi umeiba," alisema. "Nasema ungekuwa makini, leo tungekuwa watu wengine. Hiyo hasara imetoka mikononi mwako."

Naomba msomaji aelewe kilichotendeka pale. Maji yalijaa kwenye duara kwa sababu mvua ilinyesha. Mashine hazikuuzwa kwa sababu watu walikosa pesa, au kwa sababu zilikuwa ghali, au kwa sababu zote mbili, sijui. Lakini kaka yangu alikuwa amejenga ghorofa la ingekuwa juu ya ingekuwa, kila tofali limekaa juu ya jingine, na kwenye dari ya ghorofa hilo akaning'iniza mimi.

Nilisema kwamba niliambiwa nisishuke hata shilingi mia. Nilimtazama kaka mkubwa niliposema hivyo. Alikuwa anaangalia mikono yake. Aliyejibu ni kaka wa pili: alisema ni kweli niliambiwa hivyo, lakini kama ningemshauri kaka mkubwa kwa hoja, angekubali. Nikamuuliza kaka mkubwa kama angekubali kweli. Akafikiri kidogo, akasema, "Labda ningekubali."

Labda yake ilitosha. Hapo nilijua kesi imeisha. Mtu niliyetii amri yake alikuwa anashuhudia kwamba angeiondoa amri hiyo kama ningeipinga, na kwa kuwa sikuipinga, utii wangu ndio ukawa kosa.

Nilijaribu mara moja zaidi. Niliwaomba wanitajie mtu mmoja tu aliyekuja dukani akiwa na pesa mkononi, akaondoka kwa sababu ya bei. Mmoja. Kaka wa pili akasema kwa upole, na upole wake ndio uliniudhi zaidi, kwamba sielewi, kwamba mteja aliyekatishwa tamaa na bei haji kabisa, hivyo kutomuona kwangu ni ushahidi kwamba alikuwepo. Waliokuja walikuwa ushahidi kwamba wangekuja wengi zaidi. Ambao hawakuja walikuwa ushahidi vilevile. Niliona kama napigana na moshi. Na sikuwa na hekima yoyote ya kuwaaibisha. Machozi yalinilenga, nikichukia kwamba yananilenga.

Mwishoni mama alinisemesha kwa Kisumbwa, lugha anayoitumia akitaka kutuliza mambo, akaniambia niwaachie kaka zangu duka, nipumzike, Mungu atanipa jingine. Nilimuuliza kama na yeye anaamini nimewapotezea. Alisema yeye hajui mambo ya mashine. Niliumia kuliko kwa yote yaliyotangulia, maana sikuwa nimemuuliza juu ya mashine.

Nilikabidhi funguo Jumatatu. Shemeji yake kaka wa pili, kaka wa mke wake, aliletwa kusimamia. Nilitoka Nyasubi na begi la nguo na godoro.

Sasa nitasema jambo ambalo kaka zangu hawajawahi kulisema kwa upande wao. Inawezekana bei ilikuwa kubwa mno. Inawezekana kabisa kwamba kwa bei ndogo tungeuza zaidi. Sidai kwamba najua, na sina hasira na kukisia. Wazazi wetu walikisia kila mwaka, wapande mpunga mwingi au mahindi mengi, na waliamua kwa kukisia na wakabeba wenyewe matokeo. Hasira yangu ni kwamba kisio lilichukuliwa baada ya mambo kwisha, likavalishwa nguo za ukweli, likaitwa mbele ya mama yangu kutoa ushahidi dhidi ya mtu ambaye hakuruhusiwa kuamua kitu. Na aliyelitoa hakupoteza chochote. Alirudi Shinyanga kwenye mshahara wake.

Habari za dukani nilizipata kwa vijana wa benchi walioendelea kunipigia simu. Bei ilishushwa karibu nusu, kama ile waliyonyooshea mikono. Hakuna hata mmoja wa benchi aliyenunua. Mfanyabiashara mmoja kutoka Mwanza alichukua mbili, akaenda kuziuza kwa faida huko kwake. Zilizobaki zilikaa mpaka ikatangazwa aina mpya zaidi. Niliposikia hayo, na ninaandika hili bila kuona haya, nilifurahi. Nilingoja simu. Nilifikiri kaka wa pili angepiga, hata kama si kuomba radhi, basi kusema kwamba mambo ni magumu kuliko alivyodhani.

Simu haikuja. Badala yake mama alinieleza, kwa namna ya mtu anayepitisha habari tu, kwamba kaka amesema kama bei ingeshushwa wakati ule wangu, zingekwisha. Ila mimi nilikuwa nimekwisha kuharibu jina la duka, na kushusha kwa kuchelewa hakusaidii. Nilikaa chini kwenye ngazi za nyumba niliyokuwa nimepanga chumba. Niliona wazi kwamba hakuna tukio lolote duniani ambalo lingeweza kumwonyesha kaka yangu kwamba alikosea. Zingeuzwa, angekuwa sahihi. Hazikuuzwa, alikuwa sahihi. Mimi tu ndiye niliyekuwa na uwezo wa kukosea.

Mama wa Nkome alinipigia siku ambayo pedi ya mashine yake iligoma. Nilimwambia siko dukani tena. Akauliza kwa nini, nikamweleza yote, na nadhani nililia kidogo. Hakunipa pole ndefu. Alisema ana banda lakini hana mtu wa kulisimamia, kwa kuwa yeye yuko safarini na dagaa, na waliopo wanampunja. Kama nataka, nije nione.

Nilipanda gari la Geita, nikabadilisha la Nkome. Banda lilikuwa la mabati, karibu na mahali dagaa wanapoanikwa, televisheni moja, mashine moja, mabenchi ya mbao na paneli mbili za sola juu. Mchanga ulikuwa umeingia kila mahali. Nilianza kwa kufagia. Nikanunua kitambaa cha kuifunikia mashine, nikatengeneza pedi, nikaweka utaratibu kwamba anayetukana anatoka. Mwezi ulipokuwa mkubwa banda lilijaa. Wavuvi hawakujua kunyamaza, lakini walilipa, na waliniita dada kwa heshima baada ya kumtoa nje mmoja aliyekuja amelewa.

Mabishano ya bei yalikuwepo huko pia. Nahodha mmoja wa mtumbwi alikuwa akisimama mlangoni kila siku akihubiri kwamba kama tungepunguza malipo ya mchezo mmoja, watu wangejaa hata siku za giza. Mara ya kwanza aliposema hivyo niliona kama namtazama kaka wa pili amevaa buti za mpira. Mama wa Nkome alikuwepo siku ile, anahesabu magunia yake nje. Akamwita nahodha, akamwambia, "Kuanzia kesho tunapunguza mchana. Na wewe uje. Nisipokuona, ukome kuniimbia mlangoni."

Tulipunguza. Waliongezeka kidogo, wengi wakiwa walewale wanaocheza mara mbili badala ya moja. Nahodha alikuja siku mbili akachoka. Baadaye tuliacha bei ndogo kwa asubuhi tu, ambapo banda huwa tupu. Hakuna aliyeitiwa kikao. Jambo lilikuwa dogo, lakini usiku wa siku tuliyoamua hivyo nilishindwa kula kwa hasira, kwa sababu nilitambua jinsi ilivyokuwa rahisi. Kaka zangu wangeweza kuniambia wiki yoyote: shusha tuone. Hawakutaka kuona.

Tuliongeza mashine ya pili, kisha ya tatu, na mama wa Nkome akanifanya mshirika. Banda likawa na sakafu ya saruji. Hapo ndipo kaka mkubwa alipokuja. Alikuwa na shughuli Geita, akaniambia atapita. Nilimsalimia shikamoo kaka, nikamletea soda na sato wa kukaanga, kwa sababu ni kaka yangu na alinilipia ada. Alizunguka banda akitazama, akagusa mabati, akasifu. Alikuwa amezeeka kidogo. Duara lake lilikuwa limerudi kazini lakini duka la Nyasubi walikuwa wamelifunga. Alipomaliza kula alifuta mikono, akaegemea kiti, akatabasamu.

"Unaona sasa," alisema. "Kama tusingekutoa pale dukani, haya yote usingeyapata. Wakati mwingine Mungu hutumia ndugu."

Vijana walikuwa wanacheza nyuma yetu, mmoja akishangilia bao. Kaka zangu walikuwa wamechukua duka kwa ingekuwa, na sasa wanataka kuchukua na banda, nililofagia kwa mikono yangu, kwa ingekuwa ileile. Hasara ambayo haikuwepo ilikuwa yangu, na mafanikio yaliyopo yakawa yao.

"Kaka," nilimwambia, "mlinifukuza. Sema hivyo tu. Sema tulikufukuza. Usianze na kama."

Nilitaka sana aseme. Sikuhitaji radhi, nilihitaji sentensi moja inayoeleza kilichotokea. Alishusha macho, akaniuliza gunia la dagaa linauzwaje siku hizi, maana vijana wake wa duara wamechoka maharage. Nilimpeleka kwa wauzaji, nikamsaidia kuchagua waliokauka vizuri, nikamsindikiza hadi kwenye gari lake. Aliniaga kwa kunishika bega.

Mwaka huu mtoto wa kaka mkubwa alipokea komunyo ya kwanza, nikaalikwa Ushirombo. Nilikwenda. Kulikuwa na turubai uani, ng'ombe amechinjwa, na kaka wa pili amekaa na wageni kutoka mjini akiwaeleza juu ya mashine fulani mpya na jinsi ambavyo ingetawala soko lote la Afrika kama watengenezaji wenyewe wangekuwa na akili ya kupanga bei. Wageni walimsikiliza kwa makini. Aliponiona alinikaribisha kiti karibu yake kwa furaha ya kweli, kama mtu asiye na deni la neno lolote.

Nilimsalimia, nikaenda kukaa upande wa shangazi zangu. Nilikula, nikampa mtoto zawadi yake, nikamuaga mama. Aliniuliza kwa nini naondoka mapema, na kama bado nina kinyongo. Nikamjibu kwamba ndiyo, mama, ninacho. Akanifungia nyama kwenye jani la mgomba kwa ajili ya safari, nikaenda kusimama barabarani kungoja gari la Geita.